Mguu Uliosingiziwa

Miaka kumi na minne napasua kokoto
kando ya barabara ya Mbale.
Jiwe nalijua: hulipigi nyundo penye doa.
Unatafuta mshipa wake, mbali na doa,
na hapo ndipo linapoachia.

Lakini mguu wa kushoto ulipoanza kuwaka,
kutoka takoni, nyuma ya paja, ukiteremka
kama msafara wa siafu hadi kidole gumba,
nilisahau ujuzi wangu wote.
Nikaushtaki mguu.

Mashahidi hawakukosekana.
Vihenda alisema ni damu, nakaa sana.
Shemeji yangu Kisia alisema ni baridi yabisi,
akaniletea mafuta ya taa na kitunguu saumu.
Muuza dawa wa Luanda, siku ya soko,
aliushika unyayo, akafumba macho,
akataja figo, akataja chumvi, akataja bei.
Jirani mmoja hakusema neno,
alikitazama tu kizingiti changu
kana kwamba kuna mtu kazika kitu pale.

Nikakanda. Nikafunga kitambaa. Nikabadili viatu.
Nikameza vidonge vyeupe, na vile vya rangi mbili.
Usiku niliulaza mguu juu ya debe
nikausemesha kama mtoto mtundu:
we, una nini?
Na mgongo? Mgongo ulikaa kimya, mpole,
mfano wa mwizi aliyejiunga na umati
kumsaka mwizi.

Hospitalini, tabibu wa viungo, binti aitwaye Kageha,
hakuugusa mguu kwanza. Aliniuliza ninavyoketi.
Kisha akanilaza chali, akauinua ukiwa umenyooka,
taratibu, kama mtu anayefunua sufuria
na hataki mvuke umchome.
Haukufika nusu, nikapiga ukelele.
"Kohoa." Nikakohoa. Siafu wakakimbia.
"Kidole gumba, kivute juu, shindana na mkono wangu."
Mimi, mvunja mawe,
nikashindwa na vidole viwili vya binti.

"Mmbone," akasema, "mguu hauna kosa.
Neva imebanwa huku chini ya uti wa mgongo.
Hailii inapobanwa, inalia inakokwenda."

Nikalikumbuka jiwe la Ilesi, lile liliao.
Tangu utotoni tunaambiwa: jiwe linalia.
Sijamwona bado mtu akizunguka nyuma
kuuliza maji yanatoka wapi.

Kwa Keverenge mambo yalikuwa kinyume.
Yeye mgongo ndio ulimuuma, na sababu tuliijua sote:
mawe. Nani asiyejua mawe?
Pumzika, tukamwambia. Akapumzika.
Maumivu hayakulala alipolala.
Shuka zikalowa jasho usiku wa manane,
mshipi ukasogea tundu moja, kisha jingine,
nasi tukamsifu kwamba amepungua kitambi.
Kumbe kifua kikuu kilikuwa kimehamia
ndani ya pingili zake, kinakula.
Anatembea sasa, kwa fimbo.
Mawe yalisingiziwa, kama mguu wangu.

Kageha alinionya jambo moja, akalirudia mara mbili:
siku nitakayoketi nisihisi kiti chini yangu,
au mkojo uniponyoke bila kubisha hodi,
nisingoje soko, nisingoje mchungaji,
nije usiku huohuo, hata kwa toroli.

Sijaiacha nyundo. Karo haijui neva.
Ila nimepandisha kiti kwa matofali mawili,
nasimama kila rundo likijaa,
na asubuhi nalala kifudifudi sakafuni
nikijiinua kwa viwiko, kama alivyonionyesha,
kuku wakinitazama mlangoni.
Siafu wamerudi hadi gotini. Polepole.

Jana Vihenda alikuja akichechemea,
ameshika goti, analilaani.
Nikamuuliza: na nyonga je?
Akanitazama kama mtu
aliyesikia nimeanza uganga.