Matundu ya Simsim

Dukani kwa Ayikoru, nyuma ya soko la Arua,
nalowesha uzi mwekundu kwa mate,
nausugua kwenye leso nyeupe.
Ukichuja hapa, utachuja kwenye foronya ya bibi harusi.
Haukuchuja. Nipe vitita vitatu.

Uzi mmoja una nyuzi sita ndani,
kama nyumba yetu kabla ya vita.
Nitachomoa mbili mbili; zilizobaki zingoje.

Sindano? Butu.
Ile kali hupasua, huacha jeraha kwenye nguo.
Hii hupapasa, hutafuta tundu lake, hupita.

Kisha kitambaa. Ananitandazia kile cha siku zote,
matundu kama vumbi.
Nakiinua dirishani. Nahesabu: nne, tano,
tano,
naanza tena.

Ayikoru hasemi neno. Anakikunja,
anashusha kingine kutoka rafu ya watoto wa shule,
nusura punje ya simsim ipite.
“Hiki kimeingia jana,” anadanganya,
“wote wanakigombea.”

Nalipa. Misalaba itakuwa minene.
Letasi wangu ataolewa na ua moja
badala ya matatu,
lakini hilo moja
nitaliona.