Picha Mbili za Mwisho

Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita.
Kampuni ilimletea baba watu thelathini na wanne kwa siku,
mmoja baada ya mwingine mbele ya shuka lililotundikwa ukutani,
kila mmoja ameshika kibao cha namba kifuani
kama mtu aliyeshika sahani, hajui atapakuliwa nini.

Mbili zilizobaki hakuna aliyezidai.

Jioni, njiani kurudi Katuba, baiskeli anailaza,
anapiga magoti kwenye udongo ambao nyasi nyingi huukimbia,
udongo wa shaba, mchungu hata kwa siafu,
na hapo kiua kimoja, kimo cha kiganja,
kimeota kama vile hakikuambiwa.
Kacha.
Kisha anasimama, anajipangusa,
anaitafuta terili, ule mlima mweusi wa masazo ya tanuru,
au siku nyingine mutondo uliobaki peke yake nyuma ya reli,
au mvua inavyokuja kutoka upande wa Kipushi.
Kacha.
Filamu imekwisha. Baba anaimba hadi nyumbani, vibaya.

Nimerithi makopo kumi na tisa.
Huyafungua usiku, mtaa ukiwa hauna umeme,
kurunzi moja nimeifunga kitambaa chekundu,
nyingine naiwasha juu ya karatasi, nahesabu mpaka saba, nazima.
Maji nimeyakinga kwenye ndoo tangu jana.

Kwenye negativu terili ni nyeupe,
lundo la unga la kuilisha Kenya yote na Kamalondo,
na bukari ikabaki.
Watu wamekuwa weupe, weupe wa macho yao umekuwa masizi.
Ila kiua, nakigeuza hivi, nakigeuza vile:
kijivu kwenye negativu, kijivu kwenye karatasi.
Ndicho pekee kisichobadilika.

Nyuma ya picha za mimea baba aliandika kwa penseli.
*Buluu, inataka kuwa zambarau.*
*Nyekundu ya kutu, si ya damu.*
*Kijani cha chupa ya Simba, asubuhi.*
Nyuma ya watu hakuandika kitu.
Labda aliona kampuni imeshawaandika vya kutosha.

Mama Kilufya alikuja na namba, si jina.
Namba anaijua kama sala.
Nilimtafutia siku tatu, kopo la kumi na nne,
nikamkuta mumewe: wa thelathini na nne, wa mwisho siku ile,
kola imepinda, mdomo umefungwa kwa adabu,
na bega lake la kushoto limepakana na kiua.
Nikachukua mkasi.

«Usikate,» akasema.
«Balikuwa pamoja mu giza myaka yote hii.
Unabatenganisha juu ya nini?»

Nikauweka mkasi chini.
Aliushika ukanda kwa ncha za vidole, akaugeuza.
Neno la baba nilikuwa nimelinakili mahali pake: *buluu*.
Alilisoma taratibu, herufi kwa herufi.
Upande wa mumewe palikuwa patupu.
Akapatazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri mlango.

«Uko na penseli?»
Ninayo.
«Basi andika: shati, kijani.»
Nikaandika.
«Hapana, si kijani hivi hivi. Kijani ya sombe,
ile yenye haiyapondwa bado.»
Nafasi ilikuwa ndogo. Nikabana mwandiko.

Nilipougeuza tena, nikalitazama lile shati:
kijivu.
Kijivu kile kile cha kiua, sikuona tofauti,
nami kazi yangu ni kuona tofauti.

Mama Kilufya hakuuliza bei.
Aliutia ukanda katikati ya daftari lake la likelemba,
kwenye ukurasa wa wanaodaiwa,
akalifunga kwa mpira,
akaniambia nile, nimekonda.