Koa wa Kuze

"Usimwage, Mwanatumu! Chumvi ni kisu, chachinja.
Pembe anazo, si ngumu, ukigusa azikunja.
Masika yatuhasimu, maji yajaa kiwanja,
naye kakimbia humu, kwake mvua imevunja.

"Huja usiku, halali, kwa upenyo wa mlango;
hakuufuata wali, ataka koga ya jengo.
Jua kwake ni ajali, lamkausha mgongo;
kwetu kapata sahali, sakafu kama udongo.

"Lile debe la rehani, nani wadhani hulisha?
Hula mabovu majani, rutuba akabakisha.
Bata wa hapo jirani, koa humnenepesha.
Mchicha? Hapo sineni: huo aliutowesha.

"Ona ute wa johari, umeparamia kuta.
Kila kucha hukariri, njia ile hufuata.
Fundi bomba, Mwinyi Heri, pa kuvuja hakupata.
Nauli, eti, ya feri: mia tano! Akapita.

"Nikafuata: lo, kumbe! Nyuma ya birika, ufa.
Bomba lavuja kizembe, lalia kama wa kufa.
Huyo mdogo kiumbe ametupa taarifa.
Chumvi yako tie embe; koa mpe yake sifa."