Mtumba wa Jua

Nilimkuta Eljas uani kwake, Nellim, mwezi wa tisa,
ameziegemeza paneli sita kwenye rundo la kuni
kama ng'ombe wa mnadani: zimepanguswa,
zimepangwa, zinatazama juu.

"Tano nzima," alisema kabla sijamwamkia.
"Ya sita ilipigwa na barafu ya paa.
Inafanya kazi, ila inachechemea."

Dada yangu Sirkka alikwisha nionya:
usiuziwe mbuzi kwenye gunia.
Kwa hiyo nilikuja na mita mfukoni
na uso wa mtu asiye na haraka,
uso niliourithi kwa baba pamoja na kibanda.
Nikagusa ncha nyekundu, nikagusa nyeusi.
Nikafungua vifuniko vya betri, kimoja kimoja,
nikachungulia maji
kama anayetafuta pete kisimani.

Betri ya tatu ilikuwa maiti.
Sikusema. Naye hakusema.
Kunguru alipita juu yetu, akasema peke yake.

"Yuro mia saba."
"Mia nne."
"Inveta pekee ni mia tatu!"
"Inveta inakoroma kama mzee aliyelala chali."
Akacheka mpaka akashika kiuno.
Tukakutana mia tano, na maiti nikapewa bure.

Kipya kinyemi, sawa,
lakini kipya hakijui lolote.
Hakikwambii ni skrubu ipi hulegea kwa baridi,
ni waya upi panya wa msituni huutamani,
wala kwamba kidhibiti cha chaji
ukikipiga kofi dogo ubavuni, asubuhi tu, huamka.
Haya yote Eljas aliyamwaga huku akifungua nati,
na kila nati akaitia katika kopo la kahawa,
akilitikisa kidogo, kuhakikisha.

Kisha akaleta madaftari.
Kumi na moja, ya shule, yenye mistari.

*Machi 3. Volti 12.6. Theluji nimeifagia kwa ufagio wa sauna.*
*Juni 20. Jua limegoma kuzama. Betri zimeshiba, mimi sina usingizi.*
*Desemba 9. 11.8. Taa moja. Karata kwa mshumaa. Lempi kaiba tena.*
*Januari 17. Jua, dakika ishirini!*

Ukurasa mmoja ulikuwa na tarehe tu.
Niliufunua upesi, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Desemba hutapata kitu," alisema, akiyachukua taratibu.
"Usiidai mbingu. Haikukopa kwako."
Hayo hakuuza. Alinipa la kumi na mbili,
jeupe, bado lina bei ya duka.

Sasa yeye yuko Ivalo, ghorofa ya tatu,
ambako umeme hutoka ukutani
bila mtu kuuliza umelalaje.
Mimi nimezitundika paneli wima, ukuta wa kusini,
alivyoniagiza, ili theluji iteleze yenyewe
na weupe wa ziwa uzimulike kutoka chini.
Nina taa mbili, redio, na pampu yenye kiburi.
Wiki mbili nilipika gizani kwa sababu ya fyuzi
ya ukubwa wa punje ya mchele.
Nililia kidogo. Halafu nikalala saa kumi na mbili jioni,
na haikuwa hasara.

Kila Jumapili napanda kilima nyuma ya kibanda,
ndipo mtandao unapofika,
na simu inalia kabla sijavua glavu.

"Ngapi?" Salamu kwake ni anasa.
"Kumi na mbili nukta tatu."
Kimya. Nalisikia friji lake likinguruma,
nono, lisilojua hesabu.
"Si haba," anasema.
Anakohoa. Najua bado hajamaliza.
"Na ile ya sita?"
"Inachechemea."
"Vizuri," anasema Eljas,
na kukata simu.