Laini

Nje ya stesheni ya Tabora, mwavuli wa bluu,
Milembe anauza laini.
“Ipi?” auliza Bi Nshoma. “Mimi nimezaliwa laini,
nyumba ya nne, ukuta mmoja na fundi boila.”

Neno la Mzungu hilo. Kwao lilianza uzi wa kitani,
likanyooka, likawa mstari,
likaja huku na mataruma, likajenga vyumba,
sasa limelala kwenye kadi ndogo kuliko ukucha.

Lipo jingine, la Mwarabu, pacha asiye ndugu:
laini, kama nta mkononi.

“Weka kidole, bibi.”
Mashine yakataa.
Kingine. Yakataa.
Miaka ya kutunga tumbaku:
uzi umefuta mistari yote.

Milembe akakishika kile kidole,
akakipapasa.

Laini.