Maji Yasiyokupwa

Lilikuwa gari la mkate. Fundi Shee akalichomelea vitanda
pale Makupa; harufu ya hamira haikutoka.
Chala tukafika usiku, ziwa limekaa ndani ya mlima
kama uji kwenye bakuli la mgonjwa, kimya.
Wakesho alitucheka: mimi na Zuhra, watoto wa Tudor,
tulikesha tukingoja maji yapwe.
Hayakupwa.
Baridi ikatulaza watatu, blanketi moja;
mguu wa nani sijui, barafu tupu.

Leo gari liko nje ya nyumba,
matope mekundu yamekauka magurudumuni.
Mama anasema lioshwe.
Saa nne, jasho, bahari imekupwa hadi mikokoni,
nami nimejilaza humo, mlango wazi,
nanusa hamira.
Zuhra anachungulia, soksi moja mkononi:
“Ya nani hii?”