Kisanduku cha Tatu

Simai wa Vuai aliingia afisini kwetu Mtende
jua likiwa utosini, gunia la mbolea begani.
Akalitua juu ya fomu zangu za mwezi, akasema:
Utanifunga baadaye. Kwanza nijibu.

Ndani mna ngozi mbichi, chumvi imemwagwa ovyo,
na kichwa.
Miguuni vidoadoa vyeupe, kama paa nunga.
Mkanda mweupe matakoni, kama paa nunga.
Lakini uso ni wa chesi, kijivu kitupu,
na kimo (akanionyesha kwa kiganja, kutoka sakafuni)
si cha huyu wala cha yule.
"Baba nunga, mama chesi. Au kinyume chake.
Miaka thalathini natega, huyu simjui."

Kutega ni kosa. Anajua yeye, najua mimi,
lajua na bango la mlangoni.
Lakini mtu aliyejileta mwenyewe kwa sababu ya swali
utamwandikia faini kwa mkono upi?

Nikampigia Bi Zuwena, Maruhubi.
Sauti yake ilikuja imechanganyika na feni.
Farasi na punda huzaa baghala, akasema,
na baghala mara nyingi hazai, ukoo unaishia kwenye kwato zake.
Simba na chui milia wamewahi kuzaa, lakini kizimbani.
"Kizimbani kwenye karafuu?" Simai akadakia.
Ndani ya kizimba, Simai.
"Aa. Humo hata mimi singechagua."

Nami nikakumbuka kima na punju wa Jozani:
mkungu mmoja wanaugawana asubuhi nzima,
punju akishuka kuiba mkaa jikoni kwa watu
kima yuko juu anamwangalia,
jioni kila mmoja kwa wake.
Mtoto wa kati sijamwona.
Damu zilizoachana zamani, akasema Zuwena,
hata zikilala tawi moja hazisikilizani.
Za jirani, huenda.

Kisha akauliza: Nunga wamebaki wangapi huko?
Nikamtajia.
Feni ikazunguka.
"Mnyama akikosa wa kwake, ndipo mpaka unapolegea.
Usiyaite mapenzi. Ni uchache."

Tafadhali, maneno haya usinigeuzie yawe ya watu.
Bibi yangu wa Kojani, babu wa Muyuni,
walizaa, nami nimezaa, na habari imekwisha:
mtu ni mnyama mmoja.
Mimi nasema paa. Paa mmoja, maweni, usiku,
shamba limemla msitu huku, hoteli huku,
ananusa chini, anatembea, ananusa tena.
Harufu ya mume wa kwao haipo.
Ipo ya jirani.

Na pengine si chochote.
Pengine ni nunga tu aliyezaliwa na uso wake,
kama Mcha wa dukani na lile jicho la buluu.
Nikakata manyoya machache niyapeleke mjini.
Bahasha niliyokuwa nayo ni moja, ya mwaliko wa harusi.
Simai aliitazama, hakusema kitu.

Fomu ina visanduku viwili: NUNGA. CHESI.
Weka alama kwa wino.

Alikuwa ameshafika mlangoni, mgongo kwangu,
aliposema lile alilolibeba kuliko gunia:
"Nilipomchuna, chuchu zilikuwa na maziwa."

Kwa hiyo anazaa, nikasema.

"Alikuwa anazaa."

Nje mbuzi wa mtu alilia, sote wawili tukageuka.
Nikachora kisanduku cha tatu, kwa penseli,
sikukipa jina.
Nikatafuta tochi, nikatafuta viatu.
Nionyeshe ulipomtegea, Simai,
na twende kimyakimya. Kama yupo, ni mdogo,
na hajui bado
yeye ni nani wa kuogopwa na nani wa kufuatwa.